Skrini Inayomtazama Mteja

Kwa miaka kumi na tisa Ndinda Maingi alipiga chapa mahakamani. Alipiga viapo, hukumu, maombi ya dhamana na orodha ndefu za vielelezo, na katika miaka hiyo yote hakuna hakimu aliyewahi kumrudishia karatasi. Serikali ilipopunguza wafanyakazi katikati ya miaka ya tisini, naye akapewa barua ya kuagwa. Aliisoma mara moja tu, akajua imepigwa na mwenzake wa meza ya pili, kwa sababu mwenzake huyo alikuwa na mazoea ya kuacha nafasi mbili baada ya koma.

Alilia siku mbili. Siku ya tatu alitafuta chumba cha kukodi Kariobangi, karibu na soko, akatundika kibao: BARUA, VIAPO, MAOMBI YA KAZI. Kila asubuhi alishuka kwa miguu kutoka nyumbani kwake Lucky Summer, viatu vya kazi vikiwa mfukoni kwa ajili ya tope, akafungua mlango na kuvaa miwani. Watu wakaja. Wengine hawakujua kuandika; wengi walijua, ila walitaka barua yao ifike ikiwa na sura ya heshima.

Alianza na taipureta, baadaye akanunua kompyuta kuukuu. Aprili ya mwaka wa tisini na tisa, kirusi kilichokuwa kikizunguka mjini kiliingia kwenye kompyuta ile na kuila kila barua aliyokuwa ameihifadhi. Waliomwokoa walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Gachanja, fundi wa redio kule kwenye vibanda vya jua kali, aliyeifufua mashine. Wa pili alikuwa Waringa, dada waliyesali naye kanisa moja, mtunza maabara ya kompyuta katika chuo fulani mjini. Waringa alimwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kutoka kwenye diski aliyoibeba mkobani, akamwambia, "Hii haina mwenyewe, Mama Kyule. Hutadaiwa na mtu, na virusi vya mjini havijui kuingia humu." Kyule alikuwa kifungua mimba wa Ndinda, aliyekuwa akisoma bweni Machakos.

Basi mambo yakatulia hadi Juni, alipokuja Mzee Dubow.

Mzee Dubow alikuwa muuza vitambaa wa jumla, mtu wa maneno machache na ndevu zilizopakwa hina. Mwezi uliotangulia alikuwa amemwandikisha Ndinda barua kwenda Isiolo, kwa watu waliotaka kumposa binti yake, Kawsar. Aliwaalika waje tarehe sita, wazee wakae, posa ijadiliwe. Siku hiyo aliingia dukani bila kubisha, akaiweka nakala ya barua mezani, akagonga mstari mmoja kwa kidole.

"Soma hapo, mama."

Ndinda akasoma. Tarehe 16.

"Mimi nilisema ngapi?"

Ndinda akaitazama tena ile 16. Alikumbuka vizuri kabisa kwamba mzee alisema sita.

"Tarehe sita tulichinja mbuzi watatu," Mzee Dubow akasema. "Tukapika mchele wa watu themanini. Hakuja hata mmoja. Mke wangu akasema, hawa watu wametudharau. Nami nikasema hivyo hivyo. Nikafunga safari yangu ya Mombasa kununua mali. Tarehe kumi na sita wazee tisa wakashuka na basi wakakuta nyumba haina mwenyewe. Sasa wao ndio wanasema tumewadharau."

"Mzee, nisamehe. Ni kidole changu."

"Kidole ni cha binadamu, sina ugomvi na kidole." Akageuka, akaonyesha kiti cha wateja. "Lakini nilikaa hapo saa nzima nikiangalia mgongo wa hiyo televisheni yako. Ningekuwa naona unachoandika, ningekwambia."

Akaondoka. Ndinda alifunga duka mapema siku hiyo. Kitu kilichomuuma hakikuwa hasira ya mzee, kwa sababu hakuonyesha hasira nyingi. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amesema kweli.

Jumapili alimweleza Waringa nje ya kanisa. "Nataka skrini mbili. Moja initazame mimi, nyingine imtazame mteja, aione barua yake ninavyoiandika. Lakini asione barua za wengine. Watu huniletea siri zao."

Waringa akafikiri. "Inawezekana. Utahitaji kadi mbili za picha ndani ya mashine, kila kadi na skrini yake. Ile programu yako ya kuandikia inaweza kuifungua barua moja pande zote mbili, na faili zako zingine zikabaki upande wako." Alimwekea toleo la majaribio la sehemu inayochora picha kwenye skrini, maana toleo la kawaida halikuweza kushika kadi mbili. Lakini kabla Gachanja hajapata kadi ya pili, Waringa alihamishiwa Eldoret. Alimwachia Ndinda karatasi mbili za hesabu zilizoandikwa kwa penseli. Weka kadi. Toa amri ya kuziorodhesha. Nakili namba ya kila kadi kwenye faili ya mipangilio. Washa. Chini kabisa aliandika: *Ni rahisi.*

Gachanja akaipata kadi katika kompyuta ya ofisi iliyokufa, pamoja na skrini ya inchi kumi na nne iliyokuwa imegeuka rangi ya jino la mvuta sigara. Alikuja nayo begani, akafungua mashine, akaichomeka kadi kwenye tundu lililokuwa karibu na mkono wake, akafunga.

"Washa, Mama Kyule."

Ndinda akawasha. Skrini mpya ikajaa maandishi, na ile ya zamani, ambayo hakuna mtu aliyeigusa, ikakaa nyeusi tii.

Wakatazamana.

"Umeua hiyo," Ndinda akasema.

"Mimi? Hiyo sijagusa hata waya yake!" Gachanja akabadilisha waya za nyuma. Sasa skrini ya zamani ikawaka, mpya ikazimika. Akarudisha. Zikabadilishana tena. Akafungua mashine, akabadilishanisha kadi matundu, na safari hii ya zamani ikawaka kama kawaida yake, ile mpya ikafa. "Kadi iko sawa," akasema, akipangusa jasho. "Monitor iko sawa, nimeiona ikiwaka na macho yangu. Zote ziko sawa lakini hazitaki kuwa sawa pamoja."

Ndinda akazifungua karatasi za Waringa. Alitoa amri ya kuorodhesha kadi, na mashine ikamjibu kwa mistari mingi ya Kiingereza, miwili kati yake ikihusu kadi za picha. Mmoja ulianza na 00:09.0. Wa pili ulianza na 00:0a.0.

"Hii *a* inafanya nini katikati ya namba?" akauliza.

Gachanja akainama. "Hiyo ni kosa. Ama ni uchafu tu. Toa hiyo, weka sifuri."

Lakini Ndinda hakuwa mtu wa kutoa herufi za watu. Mahakamani alikuwa amepiga vifungu vya sheria vya kila namna, cha saba (a), cha saba (b), naye alijua *a* inayofuata namba ina maana yake: ni tawi la namba ile. Basi kadi ya pili ilikuwa tawi (a) la sifuri. Hakuelewa sifuri inawezaje kuwa na matawi, lakini akainakili kama alivyoiona. Skrini mpya haikuwaka. Akajaribu ya Gachanja, sifuri tupu. Haikuwaka. Mara hizi zote skrini ya zamani ilifanya kazi bila taabu, na kila alipoifungua faili ambamo mashine huandika malalamiko yake, alikuta mstari uleule: skrini namba 1 imefutwa.

Hapo ndipo kichwa kilipomzunguka kwelikweli. Skrini namba moja ni ya kwanza, na ya kwanza ilikuwa mbele ya macho yake, inawaka, inamwambia imefutwa. Ni kama mtu asimame mlangoni akutangazie kwamba amekufa. Kwa kuwa alikuwa mtiifu kwa maandishi, Ndinda aliamua mashine inajijua kuliko yeye anavyoijua. Akaanza kuirekebisha skrini ya kwanza. Siku ya kwanza alibadilisha jina lake, ya pili ukubwa wake, ya tatu aliandika upya sehemu yake nzima. Kati ya mteja na mteja alibadilisha kitu, akazima, akawasha, akangoja. Ijumaa asubuhi skrini zote mbili zikawa nyeusi.

Mteja aliyekuwa kwenye kiti, mtumishi wa Mungu aliyekuja kwa ajili ya barua ya kuombea harambee ya kanisa, akauliza kwa upole, "Stima imepotea?"

"Hapana, dada," Ndinda akajibu. "Aliyepotea ni mimi."

Akaitoa taipureta chini ya meza, akaipuliza vumbi, akampigia barua yake.

Mchana akaenda kupanga foleni kwenye kibanda cha simu karibu na posta, sarafu zikiwa zimepata joto kiganjani. Zamu yake ilipofika alipiga Eldoret, akangoja mtu akimbie kumwita Waringa huku sarafu zikidondoka.

"Waringa, ni Mama Kyule. Mashine inasema imefuta skrini namba moja, na namba moja ndiyo nzima."

"Namba moja ni ya pili."

"Na ya pili ni namba ngapi?"

"Si ndiyo hiyo moja? Ya kwanza ni sifuri. Huko wanaanza kuhesabu na sifuri, Mama Kyule."

"Kina nani?"

"Walioandika programu."

Ndinda akaegemea kioo cha kibanda. Mtu wa nyuma yake kwenye foleni alikohoa. "Kwa hivyo wiki hii yote nimekuwa nikimtibu asiyeumwa."

"Pole sana. Mgonjwa ni yule mwingine. Angalia ile namba yake uliyonakili, kama ina herufi, basi ujue hiyo—"

Sarafu zikaisha. Ndinda alibaki ameshika mkono wa simu, akisikiliza mlio. Kama ina herufi, basi ujue hiyo nini? Alirudi dukani akilitafuna swali hilo, na jioni alipopanda Lucky Summer alikuwa bado analo.

Jumapili, ibada ilipokwisha, hakwenda nyumbani. Alifungua duka akiwa na kitambaa chake cha kikundi cha akina mama kichwani, akafunga mlango kwa ndani. Kwanza aliiwasha mashine kwa maandishi matupu, bila picha, akairudisha sehemu ya skrini ya kwanza jinsi Waringa alivyoiacha, neno kwa neno, kutoka kwenye nakala aliyokuwa ameichapa kwa bahati. Skrini ya zamani ikawaka. Alikaa akaitazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza katika wiki nzima akavuta pumzi hadi chini.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya maishani. Alizima mashine, akachukua bisibisi ya Gachanja, akafungua kifuniko mwenyewe. Akagusa chuma cha kasha kwanza, kama alivyomwona fundi akifanya. Ndani aliona matundu manne meupe yamepangwa safu moja kama madirisha ya bweni. Kadi ya zamani ilikuwa katika la kwanza, mpya katika la pili. Alitaka kujua kitu kimoja tu: ile *a* ni ya kadi au ni ya tundu?

Akaichomoa kadi mpya, akaihamishia tundu la tatu. Akawasha, akaorodhesha. 0b.

Akazima. Tundu la nne. 0c.

Aliyaandika katika daftari lake, moja chini ya jingine, kama alivyozoea kuorodhesha vielelezo. Tundu la kwanza, 09. La pili, 0a. La tatu, 0b. La nne, 0c. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. *A* haikuwa ya kadi. Wala haikuwa tawi la sifuri, kwa maana matawi ya sifuri hayawezi kupanga foleni nyuma ya tisa. Kinachokaa nyuma ya tisa ni kimoja, hata mtoto wa chekechea anakijua.

"Kumi," Ndinda akasema kwa sauti, peke yake dukani. Akanyoosha vidole. "*A* ni kumi. *B* ni kumi na moja. *C*, kumi na mbili."

Haikumwingia akilini kwa nini mtu aliyesoma aandike kumi kwa herufi wakati kumi ipo, wala kwa nini amri iseme kwa herufi na faili itake kwa tarakimu. Lakini kadi ilikuwa katika tundu la nne, hivyo akaiandikia kumi na mbili. Akawasha.

Skrini ya zamani ikawaka. Ile mpya, iliyoelekea kiti cha wateja, ikafanya *tik*, na ukutani nyuma ya kiti pakapakwa mwanga wa kijivu.

Ndinda hakuamini mwanga huo. Aliinuka, akaizunguka meza, akaketi kwenye kiti cha wateja. Mbele yake kulikuwa na skrini hai. Tangu afungue duka lile hakuwahi kukaa upande huo, na alishangaa jinsi kiti kilivyokuwa kifupi na meza ilivyokuwa juu. Kisha akacheka mpaka akajishika kifua, na nje mtu akagonga mlango kuuliza kama kuna usalama.

Jumatatu Gachanja alipopita kuangalia, alisimama akazitazama skrini mbili zikiwaka pamoja. "Sasa shida ilikuwa nini?"

"Ile *a* uliyosema ni uchafu."

"Ilikuwa nini?"

"Kumi."

Gachanja akatikisa kichwa polepole. "Mimi nitabaki na redio," akasema.

Mambo hayakunyooka yote. Kishale cha kipanya kilikuwa na tabia ya kutoka mbele ya Ndinda na kuvuka kwenda kwa mteja, tena kwa upande asioutarajia, na yeye hakuweza kukiona kule. Ikawa kila mara anauliza, "Unakiona kishale huko?" na mteja anajibu, "Kiko hapa kwangu, juu kidogo! Sasa kinakimbia!" Watu wakaanza kukipenda kibarua hicho. Mzee Dubow alirudi siku ya nne, akavaa miwani yake, akasoma kila neno la barua ya kuwaomba radhi wazee wa Isiolo. Alipofika kwenye tarehe akainua kidole, akangoja mpaka Ndinda aiandike kwa tarakimu na kwa maneno. Wazee walikubali kurudi, na posa ya Kawsar ikapokewa mwezi wa tisa.

Lakini kuna jambo ambalo Ndinda hakuwa amelitegemea. Alidhani watu wataangalia tarehe na majina. Hakujua wangejiangalia wenyewe.

Mama mmoja aitwaye Kavutha, muuza njugu pale sokoni, alikuja na barua ya kwenda Kitui kwa dada yake, Koki. Alikuwa ameipanga kichwani tangu alfajiri, akaitoa kwa pumzi moja, macho yakiwa dirishani. Koki alimzika mama yao bila kumngoja. Koki alijifanya ndiye mtoto pekee. Koki asimtafute tena, na akimwona njiani apite. Ndinda aliandika yote, kama alivyoandika ya watu wengi, bila kukunja uso.

"Haya, mama. Angalia hapo kama ndivyo."

Kavutha akageukia skrini. Alisoma taratibu, midomo ikisogea. Alipofika chini alirudi juu, akasoma tena. Ndinda akangoja.

"Hayo ni mimi nimesema?"

"Ni wewe, mama."

"Sikujua ni mengi hivyo." Kavutha aliushika ukingo wa meza. "Nikisema, yanapita. Hapo yamesimama tu yananiangalia."

Mahakamani maneno yakishapigwa chapa hayarudi. Anayetaka kuyabadilisha hula kiapo kingine. Vidole vya Ndinda vilikaa juu ya vibonye, havijui viende wapi.

"Inaweza kufutika?" Kavutha akauliza.

"Inafutika."

"Yote?"

"Yote."

"Basi futa. Polepole, nione."

Ndinda akafuta kuanzia chini, mstari kwa mstari, na kwa jinsi Kavutha alivyotazama alijua kila mstari unavyoondoka kwa upande wa pili wa meza. Zilipobaki skrini mbili tupu, Kavutha aliendelea kuitazama yake. Foleni ilikuwa imefika nje, mtu akaanza kulalamika; Ndinda akamwinulia mkono anyamaze.

"Andika," Kavutha akasema hatimaye. "Koki, uko aje. Halafu ngoja nifikirie."